Ziara ya bustani za mawe Praha na Schynige Platte: inawafaa wapanda maua wa Arusha na Moshi?

Hapa Arusha ukitaja bustani ya mawe, mtu anawaza mawe ya mviringo yaliyopakwa chokaa na kupangwa kando ya njia ya geti. Ziara hii inaonyesha kitu kingine kabisa. Ni kilima kidogo cha mabamba ya mawe yaliyosimamishwa wima na kubanana kama vitabu kwenye rafu, na ndani ya nyufa zake kuna mimea ya milimani isiyozidi kimo cha ngumi. Wacheki ndio walioikuza na kuieneza kazi hii ya nyufa, na jina la Zdeněk Zvolánek, mjenzi wa bustani za mawe wa huko, linatajwa karibu kila mahali inapozungumzwa. Kwa mwenye kitalu Tengeru, Usa River au Machame, kuiona kwa macho ndiyo sababu kubwa ya kulipia safari.

Tathmini yetu kwa ufupi: nyota tatu na nusu kati ya tano. Bustani zenyewe zinastahili tano. Zilizopotea ni kwa sababu ya ratiba, ukalimani, na ahadi moja kwenye kipeperushi ambayo haitekelezeki.

Ziara ni ya siku 11. Kundi la watu 14 linaondoka KIA usiku kupitia Amsterdam, linalala Praha usiku 6, kisha Interlaken, Uswisi, usiku 3. Bustani za watu binafsi ni 9, nyingi zikiwa nyuma ya nyumba za kawaida kabisa katika vijiji vya kuzunguka Praha. Juu yake kuna bustani mbili zilizo wazi kwa umma: hifadhi ya Průhonice, iliyoanzishwa na Count Silva-Tarouca mwaka 1885, na bustani ya mimea ya Alpi iliyoko Schynige Platte, mlimani juu ya Interlaken. Malazi ni safi, basi ni zuri, chakula kinatosha. Hayo tusikawie nayo.

Tukae kwenye nyufa. Bustani ya pili katika ratiba ndiyo inayofundisha kuliko zote, kwa kuwa mwenyewe alikuwa anajenga upande mmoja na hatua zote zilikuwa wazi. Chini kabisa kuna kifusi na mchanga mnene, tuta la kama sentimita 50 juu ya ardhi. Juu yake yanasimamishwa mabamba ya opuka, jiwe la rangi ya krimu linalopatikana sana Praha, yote yakielekea upande mmoja na kulala kidogo kwa pembe ileile. Theluthi mbili za kila bamba zinazikwa, inayoonekana ni theluthi moja. Hapo ndipo mafundi wengi wa kwetu watakapokosea, kwa sababu jiwe limenunuliwa kwa pesa na mtu anataka lionekane lote. Bamba lililozikwa kidogo linacheza mvua ya kwanza ikinyesha, udongo unamwagika, na mizizi inabaki hewani.

Upana wa ufa ni sentimita 2 hadi 3. Unajazwa mchanga mkali wa mtoni uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi kidogo tu, bila samadi wala mboji nyingi. Unashindiliwa kwa kijiti, unamwagiwa maji, udongo unashuka, unajazwa tena. Wanarudia hivyo mara tatu au nne mpaka usishuke. Hewa iliyonaswa katikati ya ufa ndiyo inayoua miche mingi kuliko jua, kwa kuwa mzizi unafika kwenye uwazi, unakauka, na kwa juu mmea unaonekana mzima kwa wiki mbili tatu kabla ya kunyauka ghafla. Mwisho, juu panawekwa kokoto ndogo kwa unene wa sentimita 3 hadi 5, na mapengo ya pembeni yanazibwa kwa vipande vya jiwe lilelile.

Upandaji wenyewe ni kazi ya mikono taratibu. Mche mdogo unatolewa kwenye kopo, udongo wote unaoshwa kwenye ndoo ya maji mpaka mizizi ibaki mitupu kama nyuzi, kisha unashushwa kwenye ufa kwa ncha ya kisu cha mezani kilichochakaa. Anayeuliza kwa nini usipandwe na udongo wake anajibiwa vizuri: udongo laini wa kitalu ukizungukwa na mchanga hukauka peke yake na haushiki maji tena, na mizizi inakataa kutoka humo. Mmea unabaki mfungwa katika donge lake. Tatizo hilohilo linawapata wapanda maua wa hapa wanaohamishia miche ya kokopiti (unga wa maganda ya nazi) kwenye udongo wa moramu, na dawa yake ni hiyohiyo.

Inafaa kupiga magoti na kutazama kwa karibu. Saxifraga zenye majani ya kijivu zimejipanga kama mawaridi madogo, na pembezoni mwa kila jani kuna nukta nyeupe zilizopangana kama shanga. Nukta hizo ni chokaa. Mmea unaitoa kupitia vitundu vilivyo ukingoni mwa jani, maji yanakauka, chokaa inabaki. Ukikibonyeza kwa kidole kichuguu cha Androsace, mmea mwingine wa milimani, hakibonyei kama moshi wa kijani unavyoonekana kwa mbali, ni kigumu kama mto uliojazwa pamba ya kusindiliwa. Ndani yake majani ya zamani hayadondoki. Yanabaki yakihifadhi unyevu na kuukinga ubaridi.

Aliyewahi kupanda Kilimanjaro hadi juu ya Horombo atalitambua jambo hili mara moja. Dendrosenecio kilimanjari, ule mti mnene wenye kichwa cha majani, nao hauangushi majani yake makavu, unayavaa shinani kama koti. Lobelia deckenii inashika maji katikati ya majani yake, usiku yanaganda juu na chipukizi chini linasalimika. Mlima wetu una kiangazi kila mchana na baridi ya theluji kila usiku, Alpi zina majira yake ya miezi, lakini hesabu ya mmea ni moja. Na kuna undugu wa kweli kabisa: Arabis alpina, ua dogo jeupe la petali nne, linaota Alpi na linaota Kilimanjaro pia, spishi ileile. Waongozaji wa ziara hawakulitaja. Lilikuwepo katika bustani tatu kati ya tisa, na watu wa Moshi wakalipita bila kujua kwamba wana lao nyumbani.

Sasa ratiba. Kila bustani imepewa dakika 45, na hilo ndilo kosa kubwa la ziara. Bustani hizi ni ndogo, nyingine haijai nusu ya kiwanja cha mpira wa wavu, njia zake zinapitisha mtu mmoja. Watu 14 wakiingia pamoja, walio nyuma wanaona migongo. Dakika 20 zinaisha kwa salamu na picha. Bustani ya nyufa inataka saa mbili: mzunguko wa kwanza kuona umbo, wa pili kuuliza, wa tatu kuandika. Waandaaji wapunguze bustani ziwe tano na wagawe kundi mara mbili, nusu moja inakunywa chai nusu nyingine inazunguka. Wenye bustani wenyewe wangefurahi, maana ni watu wanaopenda kueleza.

Msimu nao umechaguliwa kwa kulazimisha. Mwisho wa Juni umewekwa kwa sababu treni ya Schynige Platte, inayopanda mlima kwa gurudumu la meno, huanza msimu wake kwa kawaida katikati ya Juni, theluji inapokuwa imeondoka. Lakini bustani za Praha zinawaka Aprili na Mei. Saxifraga za mapema zinachanua hata Machi, Gentiana ya buluu na Daphne zinafuata Aprili na Mei, na ndipo pia klabu ya wapenda bustani za mawe ya Praha inapofanya maonyesho yake ya masika ya Ulaya, Karlovo náměstí. Mwisho wa Juni unakuta kengele za Campanula, mikarafuu midogo na Acantholimon yenye miiba. Si haba. Ila anayelipia kuona vilima vya maua kama kwenye picha za kipeperushi atakuta kijani kingi. Picha hizo ni za Mei, na kipeperushi kingesema hivyo.

Ukitaka ujenzi, Juni inatosha, hata ni bora, kwa kuwa mawe yanaonekana. Ukitaka maua, omba kundi la Mei na usamehe Uswisi.

Ukalimani ulikuwa dhaifu. Wenye bustani wengi ni wazee wanaozungumza Kicheki na Kijerumani. Maelezo yalitoka Kicheki kwenda Kiingereza, kisha mmoja wa waongozaji akayaleta kwa Kiswahili, na njiani vipimo vikapotea. Mara mbili "mchanga" ulitafsiriwa kuwa "udongo", na katika kazi hii tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti ya mmea kuishi au kuoza. Kinachookoa ni Kilatini. Majina ya mimea ni yaleyale Praha na Tengeru, na mwenye bustani akisikia mgeni anasema Saxifraga paniculata uso unamkunjuka. Njoo na daftari, andika jina kutoka kwenye kibao, piga picha ya kibao kabla ya ua.

Adabu za kuingia zimeelezwa vizuri kwenye basi, na tunawapongeza waandaaji kwa hilo. Begi la mgongoni linavuliwa getini, kwa sababu ukigeuka linafagia miaka 20 ya kazi ya mtu. Hukanyagi kati ya mawe hata kama kuna nafasi ya mguu. Huchumi kijiti wala mbegu bila kuomba. Zawadi ya kahawa iliyokaangwa ya Kilimanjaro ilipokelewa kwa furaha kila mahali, bebeni pakiti ndogondogo.

Ahadi isiyotekelezeka ni ile ya "kununua mimea kwa wenye bustani na kurudi nayo". Kurudi na mche, kipandikizi au mbegu Tanzania kunahitaji kibali cha kuingiza kilichotolewa kabla ya safari na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ambayo makao yake makuu yako Ngaramtoni, hapahapa Arusha, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakonunua. Bibi mwenye bustani kijijini hana cheti hicho, wala hawezi kukupatia kwa dakika 45. Baadhi ya mimea, kama Cyclamen, iko pia chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Waliobeba miche kwenye masanduku waliiacha Praha. Mwandaaji anayejua kazi yake angewaambia watu waende Ngaramtoni miezi miwili kabla, au angelifuta neno hilo kwenye kipeperushi.

Na hata ukiipata kihalali, mingi haitaishi. Mimea hii inahitaji majira ya baridi ili ipumzike na kutengeneza maua. Praha hupata mvua ya kama milimita 500 kwa mwaka na baridi kali, sisi tuna masika yanayolowesha shina kwa wiki nyingi mfululizo katika joto. Kichuguu cha Androsace kikikaa Moshi, mita 800 na kitu juu ya usawa wa bahari, kitaoza kuanzia kitovuni, kijivu kwanza kisha cheusi. Mbegu unaweza kuziamsha kwa kuziweka kwenye friji wiki kadhaa, zitaota vizuri, na hapo ndipo pesa inapotelea, kwa kuwa mche hautapata baridi ya pili.

Kinachorudi nyumbani ni ujenzi. Ufa hauchagui bara. Mabamba yapo: mawe bapa yanayouzwa kwa kupamba kuta na njia, au vipande vya zege la sakafu iliyovunjwa, ambavyo hata wazungu wanavitumia. Mahali pa mchanga wao tumia pozolana, ule mchanga wa volkano unaofyatuliwa tofali hapa Arusha, uliochekechwa kuondoa vumbi, kwa sababu vumbi lake likilowa linaziba njia za maji. Changanya na mchanga wa mtoni nusu kwa nusu. Mimea panda ya kwetu: Aloe ndogo, Kalanchoe, Crassula, Helichrysum za kitalu. Ufa wenye kivuli na ukungu unafaa Saintpaulia, ua la Usambara ambalo kwao porini linaota juu ya miamba yenye unyevu na kivuli. Ni mmea wa nyufa wa Tanzania, unauzwa dunia nzima kwenye vikopo vya dirishani, na bustani ya mawe iliyojengwa kwa ajili yake hapa nyumbani ingekuwa kitu cha kuonea fahari. Ila usithubutu kung'oa chochote mlimani. Ni marufuku ndani ya hifadhi, na Dendrosenecio iliyoteremshwa Moshi haifiki mwezi.

Somo moja la Praha msilichukue lilivyo. Kule wanafundisha kwamba upande wa kaskazini wa jiwe ni wa baridi, upande wa kusini ni wa moto, hivyo nyufa zinaelekezwa mashariki na magharibi. Sisi tuko karibu nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta. Jua la Juni linapita kaskazini kwetu, la Desemba linapita kusini, na mchana liko karibu utosini. Tofauti inayodumu mwaka mzima hapa ni ya asubuhi na alasiri. Kwa hiyo elekeza nyufa kaskazini kwenda kusini, upate uso wa mashariki wenye jua laini na uso wa magharibi wenye jua kali, na mimea ya maji mengi ikae mashariki. Mwongozaji alilirudia somo la kaskazini katika bustani zote tisa bila kulirekebisha kwa wasikilizaji wake.

Bustani ya sita ina mahori ya mawe, yale yaliyokuwa ya kunyweshea mifugo, sasa yamejaa mimea. Mahori halisi ni ghali na mazito, hivyo wanayatengeneza. Kipimo ni saruji 1, mchanga 1, piti (mboji ya kinamasi) 2 kwa ujazo, na hapa kokopiti iliyochekechwa inafaa badala ya piti. Kuta ziwe na unene wa sentimita 5, matundu ya kutolea maji yawe na upana wa sentimita 2 au 3. Funika kwa nailoni siku mbili, toa kwenye kalibu, sugua kingo kwa brashi ya waya likiwa bado bichi, kisha liloweshe kila siku kwa mwezi. Wanaoharakisha kupanda wiki ya kwanza wanaunguza mizizi kwa chokaa ya saruji.

Schynige Platte inafaa siku nzima, nao wameipa nusu. Treni inapanda kutoka Wilderswil, mita 584, hadi karibu mita 2,000, kwa njia ya meno inayofanya kazi tangu mwaka 1893, na safari ni kama dakika 50. Bustani iko hatua chache kutoka kituoni. Haina nyufa za kujengwa: mimea ya Uswisi inayoota juu ya kimo ambapo miti hukoma imepangwa kwa jamii zake za asili, ya miamba ya chokaa mahali pake, ya malisho yenye mbolea mahali pake, ya kwenye kifusi kinachoporomoka mahali pake. Kile kifusi ndicho cha kukaa nacho. Unaona mzizi mmoja mrefu umeshuka chini ya mawe yanayotembea na majani yakafuatia juu. Vilele vya Eiger, Mönch na Jungfrau viko mbele yako muda wote, na kundi lilitumia saa moja kati ya tatu kuvipiga picha. Vaeni viatu vya mlimani na jaketi la mvua hata kukiwa kweupe asubuhi.

Viza ni ya Schengen, moja kwa nchi zote za ziara hii. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya afya ya safari isiyopungua euro 30,000, na ombi linapelekwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi, yaani Cheki kwa ratiba hii. Linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lipelekwe si chini ya siku 15 kabla yake. Waandaaji walianza kukusanya karatasi wiki saba kabla, na wawili wakakosa miadi kwa wakati. Anzeni miezi minne kabla. Kifurushi hakijumuishi ada ya viza, chakula cha mchana Uswisi, wala mchango mdogo unaowekwa kwenye kisanduku cha kila bustani binafsi, hivyo badilisheni koruna, pesa za Cheki, mkishafika Praha, na ziwe za sarafu, kwa kuwa visanduku vya vijijini havina chenji.

Ukirudi mwisho wa Juni una wakati mzuri. Kusanya mabamba Julai, jenga Agosti na Septemba ardhi ikiwa kavu, mwagia maji tuta lishuke na ujaze tena, na panda wiki ya mwisho ya Oktoba ili vuli ikute mizizi imeshaanza kushika.